Ndege ya Baba

Chaka,
Jumanne jioni.

Kwa Baba yangu,

Pokea salamu za nyumbani, za watu na za mifugo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii ya mwezi wa saba? Na ile fulana nzito niliyompa Wambugu akuletee, umeipata, ama bado imo kwenye buti la gari lake? Namjua ndugu yangu. Kitu kikishaingia kwenye buti lile hakitoki mpaka gari liuzwe. Ikiwa hujaipata, mwambie nimeuliza.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ukungu unashuka hadi mlangoni na mlima hatujauona kwa wiki mbili. Viazi vya bondeni vimeota vizuri kuliko mwaka jana. Ng'ombe anatoa maziwa ya kutosha, ila ndama wake amekuwa na kichwa kigumu, na juzi alitafuna kitambaa changu cha kanisa kikiwa kwenye kamba. Mwanangu Wangechi anakusalimu sana. Anasema nikuambie mke wako hajakusahau, na kwamba ukikaa sana huko Ruring'u kwa mjomba wake ataolewa na mwingine. Tangu nilipompa jina la Mama umemharibu kwa kumwita mke wako, na sasa hasikii la mtu.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako siku hizi inapokewa na mke wa Wambugu, naye huiweka mezani kwa sauti ya juu, kila mtu anasikia huku anakula. Neno nililo nalo si la kuliwa pamoja na chapati. Iko sababu nyingine pia, utaiona mbele. Vaa miwani, keti penye mwanga, na umwombe Lynn wa Wambugu akacheze nje kidogo.

Nianze na Jumapili nilipokuja kukuona, kwa sababu tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nilipofika langoni nilisikia pampu ya maji ya Wambugu ikilia vibaya. Nilikukuta umeketi kando yake juani, umeinamisha kichwa upande mmoja jinsi ulivyozoea, nikafurahi, nikajua sasa hivi utasema kinachoiuma. Badala yake ulimwita Lynn. Mtoto wa miaka minane, Baba. Ulimwuliza kwa sauti ya chini kama pampu ile inapiga kelele kweli ama ni wewe tu. Lynn akakuambia inapiga kelele. Ukamshukuru, ukabeba kiti chako, ukakipeleka upande wa pili wa nyumba.

Mimi nilisimama pale na ndizi zangu mkononi kama mtu aliyekosea nyumba.

Baadaye, tukinywa chai, ukaniomba msamaha. Ulisema unajua ulitusumbua sana na ile ndege yako, kwamba mtu akizeeka kichwa hutengeneza mambo yake, na kwamba nisiweke moyoni. Nilikujibu kwamba hakuna shida. Ndivyo nilivyosema, hakuna shida, nikakuongezea sukari usiyoitaka. Na nilipokuwa naondoka, Wambugu akanisindikiza hadi barabarani, akaniambia kwamba Jumamosi hii mtu wa Karatina anakuja na lori kufungua mashine yetu ya kusaga unga aende nayo, na kwamba umekubali mwenyewe. Ati ulisema msagaji asiyeweza kuamini masikio yake ni hatari kwa watu. Nilifika nyumbani giza limeshaingia, nikapita kando ya chumba cha mashine bila kukiangalia.

Ngoja nirudi nyuma, ili usije ukadhani naandika kwa huruma ya siku moja.

Miaka thelathini na moja uliendesha mashine ile, na hakuna fundi aliyeifungua kabla hujamwambia ugonjwa uko wapi. Ulikuwa unakunywa chai jikoni, unainua kidole, unasema mkanda wa kushoto umechoka, na kabla ya saa sita mkanda umekatika. Nilipokuwa darasa la tatu ulinisimamisha kando ya injini, ukanifunga macho kwa leso ya Mama, ukaniuliza yanayopita ni mahindi makavu ama yenye unyevu. Nikikosa, unacheka. Nikipata, unaniambia niwekwe kwenye mshahara. Wambugu hakupata hata mara moja, ndiyo maana akaenda kuuza simiti. Ulikuwa ukiwaambia wateja kwamba katika boma hili kuna masikio manne, mawili yako na mawili ya Watiri. Nilikuwa natembea kwa madaha nikisikia hivyo.

Mwaka jana ukielekea mwisho, ukaanza kunieleza habari za ndege. Ndege za jeshi za upande wa Nanyuki tunazijua sote, zikipita mchana hata kuku hawainui kichwa. Hii ulisema ni nyingine. Inaamka saa nane usiku katika kile kiwanja cha zamani ng'ambo ya mto, pale ndege ndogo za kunyunyizia ngano dawa zilipokuwa zikitua nikiwa mdogo, na ambapo sasa ni nyasi na mbuzi. Haina taa hata moja. Injini zake ni mbili, moja inachelewa kidogo nyuma ya mwenzake, na ikishapanda, sauti inakatika ghafla, kana kwamba mtu amefunga mlango. Ulikwenda asubuhi ukakuta nyasi zimelala mstari mmoja mrefu. Watu wakasema ni ng'ombe wamelala hapo. Ukawauliza ni ng'ombe gani wanaolala kwa foleni.

Halafu ukaipeleka habari yenyewe kwenye baraza la chifu, mwezi wa pili. Ulivua kofia, ukauliza kwa heshima ile ndege ni ya nani. Hukumlaumu mtu. Ulisema tu kwamba anayepita juu ya nyumba ya mwenzake usiku hupaswa kubisha hodi. Watu walicheka mpaka baraza likaharibika, na kuanzia siku hiyo watoto wa shule wakawa wanakuita Rubani, wakikunjua mikono na kukukimbilia barabarani. Wewe uliwapungia. Mimi niliwafukuza kwa fimbo, na sasa naona haya nikikumbuka, kwa sababu wao angalau walikuwa wanacheka wasichokijua.

Habari zilifika Ruring'u, kwenye duka la Wambugu, mbele ya wateja wake. Sitamsema ndugu yangu vibaya hapa. Aibu alikuwa nayo, lakini hofu pia alikuwa nayo. Alisema mtu ambaye kichwa chake kinasikia visivyokuwapo hawezi kusimama peke yake karibu na mkanda unaozunguka, na hilo ni neno la mtoto anayempenda babake. Akaita kikao cha familia. Na kwa kuwa sisi watu wa huku hatuwezi kuketi watu wanne bila mwenyekiti na mwandishi, baba mdogo Mathenge akawekwa mwenyekiti, Wambugu akafungua daftari la kumbukumbu, tukaanza kwa maombi.

Unakumbuka kilichofuata. Baba mdogo alisema kwamba kabla ya kuamua neno lolote juu ya mzee, aulizwe anayelala boma moja naye. Wangechi hakuulizwa, maana akishakimbia mazoezi yake ya kuingia jeshi hulala fofofo hata paa likiondoka. Nikaulizwa mimi. Nikasema sijawahi kusikia chochote. Baba mdogo akarudia swali, maana ni mtu mwangalifu, na mimi nikarudia jibu. Wambugu akaandika. Kipengele cha nne: Watiri asema hajasikia chochote. Nikatia sahihi chini yake.

Nilitazamia utakasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Lakini uliniangalia, ukasema, "Kama Watiri hajasikia, basi hakuna kitu." Ukatoa ufunguo wa mashine kwenye mshipi wako, ukauweka mezani kando ya sahani ya nduma za kuchemsha. Hukubishana na mtu. Hukumwamini Wambugu wala baba mdogo, uliamini masikio uliyoyafundisha mwenyewe. Wiki hiyo hiyo ukahamia Ruring'u na sanduku moja.

Mwezi wa tano ikaja siku ya kuandikwa jeshi, pale uwanjani Ruring'u. Hiyo uliiona kwa macho yako, tulisimama wote wawili nje ya ua, wewe umeshika sweta ya Wangechi. Miezi saba alikuwa amekimbia kila alfajiri na Moffat, yule kinyozi jirani yetu aliyestaafu jeshi. Moffat alikuwa amempima kimo kwenye mlango wa kibanda chake cha kunyolea akaapa kwamba kinatosha. Hakikutosha. Alipungua upana wa kidole, akatolewa kwenye mstari kabla hata ya kukimbia hatua moja. Alipotoka analia wewe ulimvika sweta, ukamwambia hicho ni kimo cha Mama, mke wako, Mungu alikipima vizuri, na jeshi halijui kupima. Akacheka katikati ya machozi. Mimi sikucheka. Ulidhani nimeumia kwa ajili ya mtoto, ukanishika bega.

Baba, nimezunguka vya kutosha. Ile ndege niliisikia.

Niliisikia mara nyingi usiku, lakini wazi kabisa niliisikia mwezi wa kwanza, usiku ule ng'ombe alipozaa. Nilikuwa zizini na taa, nimeshika miguu ya ndama, ikaanza ng'ambo ya mto jinsi ulivyokuwa ukisema. Mabati yakatetemeka. Zilikuwa injini mbili, moja nyuma ya mwenzake, nami nikajikuta nasema moyoni kwamba ile ya pili haipati mafuta sawasawa. Kisha sauti ikakatika. Nikasikia mlango wako unafunguka, ukatoka na koti juu ya nguo za kulala, ukasimama katikati ya ua, ukaita, "Watiri, umesikia?"

Sauti yako haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ya furaha, ya mtu ambaye hatimaye amepata mwenzake. Nami nikapunguza taa, nikabana pumzi. Ukaita mara ya pili. Ukangoja. Ukarudi ndani. Asubuhi uliponiuliza nilikuambia ng'ombe alikuwa analia sana, sikusikia kitu. Na ng'ombe yule, unamjua mwenyewe, huzaa kimya kama mwizi.

Sababu yake nitakuambia, ingawa ukishaisoma utaona ni ndogo. Kabla ya Krismasi Moffat aliniita kando, akaniambia kwamba msichana akitaka kuandikwa jeshi, watu wa siri hutumwa kijijini kuuliza majirani familia yake ni ya namna gani. Ati wakisikia ni watu wa kuchunguza mambo ya ndege, jina linapigwa mstari na mtu haambiwi kwa nini. Aliniambia hivyo akiangalia nyuma yake, nami nikaogopa. Leo najua kwamba Moffat alikuwa mpishi, na siri pekee aliyowahi kuijua jeshini ni ya sufuria. Lakini wakati ule nilimwona mtoto wangu anarudi alfajiri na matope hadi magotini, kazi hakuna, chuo hakuna, na mlango mmoja tu ndio ulioonekana wazi mbele yake. Nikafanya hesabu zangu. Mzee mmoja akisema amesikia ndege, watu watasema ni uzee. Wawili wakisema, huo ni ushahidi. Nikachagua uwe mzee.

Sikuwaza kwamba utaniamini. Hilo ndilo linaloniua. Nilidhani utabaki ukinung'unika kwamba sisi ni viziwi, utaendelea na mashine yako, Wangechi ataandikwa, na siku moja nitakuambia tucheke. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa, na mimi nilichukua masikio uliyonipa wewe nikayatumia kukupita. Na mtoto niliyemfanyia hivyo alikuwa ameshakataliwa na kimo cha bibi yake kabla sijafungua mdomo. Majuto ni mjukuu, husemwa. Yangu yanakaa nami meza moja.

Sasa sikiliza ninachofanya. Uongo wangu uliandikwa na kutiwa sahihi, kwa hiyo na ukweli uandikwe. Ndiyo ile sababu nyingine niliyokuambia. Maungamo haya nimeyaandika mara mbili. Nakala moja nimempelekea baba mdogo Mathenge leo mchana, nikamwomba aite kikao kabla ya Jumamosi na kipengele cha nne kifutwe mbele ya wote. Aliisoma nikiwa nimesimama. Hakuniambia niketi. Alisema tu kwamba kikao kitakuwa Ijumaa, nifike mapema. Wambugu atanifokea na atakuwa na haki. Wangechi pia nimemwambia, kwa sababu ndiye anayekuletea barua hii kesho. Akaniuliza kama wewe unajua. Nilipomwambia bado, akainuka akaenda kulala bila kula. Jina la Mama halikumwendea bure.

Usiweke sahihi kwenye karatasi yoyote ya mtu wa Karatina. Ukitaka kuiuza mashine kwa sababu umechoka, au kwa sababu hutaki tena kuishi boma moja nami, hiyo ni haki yako na sitasema neno. Lakini usiiuze kwa sababu ya masikio. Masikio yako ni mazima, Baba. Yaliyoharibika yalikuwa maneno yangu. Sikuombi unisamehe leo wala kesho, na hata ukija nyumbani usipoongea nami, nitakupikia vivyo hivyo.

Ndege yenyewe sijui ni ya nani. Hilo sitakudanganya. Pengine ni ya jeshi, pengine ni ya watu wasiotaka kujulikana, na pengine hatutaambiwa mpaka tufe. Jana usiku ilipita tena. Nilitoka nje bila viatu, ukungu umetanda, nikasimama pale pale katikati ya ua ulipokuwa umesimama wewe. Ya pili bado haipati mafuta sawasawa. Na kabla sijafikiri, nikasikia mdomo wangu unaita, "Baba, umesikia?" Mlango wako una kufuli. Nilingoja muda mrefu kuliko ulivyoningoja wewe, kisha nikaingia ndani nikatafuta kalamu.

Nisalimie wote hapo Ruring'u. Mpe Lynn mayai haya manne, mwambie ni ya yule kuku mwekundu wake. Miwani yako ikilegea skrubu Wangechi ana bisibisi ndogo. Jifunike vizuri usiku, na uwe tayari Ijumaa asubuhi, baba mdogo atakupitia.

Na pampu ya Wambugu ni beringi iliyokwisha. Niliisikia nikiwa langoni, na najua nawe uliisikia. Mwambie leo hii anunue nyingine. Usimwulize mtu yeyote kwanza.

Binti yako,
Watiri wa Theuri.